Kufa Kufaana: Nyayo za Tope Jeupe la Atlantiki

Mwezi Juni 1857, manowari ya Uingereza iitwayo Cyclops iling'oa nanga Ireland ikashika njia ya Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki. Nahodha wake, Joseph Dayman, hakutumwa vitani. Alitumwa kupima kina cha bahari, ili waya wa telegrafu upate pa kulala. Mabaharia walishusha kamba yenye uzito mwishoni. Ilipogusa sakafu ya bahari, uzito ulichomoka ukabaki hukohuko, na mrija mdogo ukapanda ukiwa na tope. Tope hilo lilitoka kina cha zaidi ya mita 3,000. Lilikuwa laini na jeupe jeupe, na lilipokauka liliweza kuandika ubaoni kama chaki.

Nimeifuata njia ya tope hilo kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwa viumbe ambao jina lao peke yake hututia hofu: virusi. Tumewajua kwa UKIMWI, kwa surua, kwa korona. Baharini wana kazi nyingine, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya karne moja kutambuliwa.

Tope la Dayman lilitiwa katika chupa za spiriti na kupelekwa kwa mwanasayansi Thomas Henry Huxley. Mwaka 1858 alieleza kwamba chini ya hadubini ameona visahani vidogo mno vya chokaa, akaviita kokolithi. Alidhani havikutokana na kiumbe hai. Miaka michache baadaye, George Wallich na Henry Clifton Sorby walionyesha kwamba vimetokana na viumbe hai, na kwamba chaki ya majabali meupe ya Uingereza imejaa visahani vya namna hiyohiyo. Mwaka 1868 Huxley alisimama mbele ya wafanyakazi wa mji wa Norwich, akawasimulia historia ya dunia kwa kipande cha chaki, kama kile anachotembea nacho seremala mfukoni.

Mwaka huohuo aliteleza. Aliona ute ndani ya chupa zile za zamani, akaamini ni kiumbe hai kilichotandaa sakafu nzima ya bahari, akakipa jina. Meli ya utafiti Challenger, iliyoanza safari mwaka 1872, ilikitafuta kiumbe hicho isikione. Mkemia wake, John Young Buchanan, aligundua kwamba ule ute ulitokea pale spiriti ilipochanganyika na maji ya bahari. Huxley alikiri kosa lake hadharani. Kisa hiki nakithamini, maana historia yote ya virusi vya baharini ni historia ya watu waliolazimika kukiri kwamba walitazama vibaya.

Mwaka 1902 mwani mmoja unaotengeneza visahani vya namna hiyo ulipewa jina la Huxley, na kwa muda mrefu umejulikana kama Emiliania huxleyi. Ni seli moja tu, yenye upana wa takriban sehemu tano kati ya elfu moja za milimita. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni, unaona mpira uliovikwa ngao za mviringo, moja imepanda juu ya ukingo wa nyingine, na kila ngao ina mistari inayotoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Spishi hii ni changa, ina takriban miaka 290,000. Majabali ya chaki yalijengwa na jamaa zake wa kale. Lakini Emiliania inapostawi huonekana kutoka angani. Ngao zilizobanduka hurudisha mwanga wa jua, bahari ikawa na rangi ya feruzi iliyotiwa maziwa, na picha za satelaiti zimeonyesha mawaa hayo yakienea zaidi ya kilomita za mraba 100,000.

Kisha, baada ya wiki chache, rangi hupotea. Nani huumaliza mwani wote huo? Wanyama wadogo wa planktoni hula sehemu, lakini mara nyingi kasi ya kutoweka ilizidi kasi ya walaji.

Jibu lilikuwa ndani ya maji, ila hapakuwa na njia ya kulihesabu. Virusi vinavyoshambulia bakteria vilikuwa vimejulikana tangu kazi za Frederick Twort mwaka 1915 na Félix d'Hérelle mwaka 1917. Njia ya kuvihesabu ilikuwa kuotesha bakteria kwenye sahani ya maabara, kuweka maji yanayochunguzwa, na kuhesabu madoa pale bakteria walipokufa. Njia hii hufaa kwa bakteria wanaokubali kuota sahanini, na wale wa baharini walio wengi hawakubali. Basi sahani zilionyesha virusi vichache, na wanasayansi wakaamini kwamba bahari ina virusi vichache. Mwaka 1979 Francisco Torrella na Richard Morita walichunguza maji ya ghuba ya Yaquina, Oregon, kwa hadubini ya elektroni, wakaona zaidi ya virusi 10,000 katika kila mililita. Ilani hiyo haikusikika sana.

Mwaka 1989 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, Øivind Bergh, Knut Yngve Børsheim, Gunnar Bratbak na Mikal Heldal, waliacha kabisa sahani. Walichukua maji, wakayazungusha kwa mashine yenye kasi kubwa hadi kila kilichomo kikatua juu ya kiwavu kidogo cha metali, kisha wakakiweka kiwavu hicho chini ya hadubini ya elektroni na kuhesabu. Katika baadhi ya sampuli waliona virusi zaidi ya milioni 100 kwa mililita moja. Leo makadirio ya kawaida kwa maji ya juu ya bahari ni takriban milioni 10 kwa mililita. Kijiko kimoja cha chai cha maji hayo kina virusi vingi kuliko idadi ya watu wa Kenya ilivyokuwa katika sensa ya 2019.

Bratbak na wenzake walirudi kwenye fiyodi iliyo jirani na Bergen. Walielesha mifuko mikubwa ya plastiki, wakaijaza maji ya bahari na kuyarutubisha kwa naitreti na fosfati. Emiliania ikastawi, kisha ikaporomoka, na kadiri ilivyoporomoka ndivyo virusi vikubwa vilivyozidi kujaa majini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Mwaka 1999 rangi ya feruzi ilipotanda katika Mlango wa Uingereza, mtafiti Willie Wilson na wenzake wa Plymouth walivitenga virusi vilivyoimaliza. Jenomu ya kimoja, iliyosomwa mwaka 2005, ina herufi takriban 407,000. Miongoni mwa jeni zake zimo za kutengeneza mafuta maalumu ya seli, ambayo kwa kawaida ni kazi ya mwenye nyumba. Kirusi huingia na mapishi yake, hupikia jiko la mwenyeji, na mafuta hayo husaidia kuamsha ndani ya mwani utaratibu wa kujiua.

Hapa ndipo msemo wa Waswahili unapoingia mahali pake: kufa kufaana. Seli inapopasuka, naitrojeni, fosforasi na madini ya chuma yaliyokuwa ndani yake humwagika majini. Bakteria huyala, hukua, na rutuba hurudi kwa mwani mwingine badala ya kupanda kwenda kwa samaki. Mwaka 1999 Steven Wilhelm na Curtis Suttle waliieleza njia hii kuwa mchepuko wa virusi, unaokitoa chakula katika barabara kuu ya mlaji na mliwaji. Suttle amekadiria kwamba kila siku virusi huua takriban asilimia 20 ya uzito wa vijidudu vyote vya baharini. Hakuna samaki wala nyangumi anayegawa riziki kwa kipimo hicho. Aidha, aina yoyote ya mwani ikizidi kustawi, huandamwa na kirusi chake. Hivyo aina moja haipati nafasi ya kuitawala bahari peke yake.

Mwani haukukaa kimya. Mwaka 2008 ilielezwa kwamba baadhi ya seli za Emiliania, zinapokabiliwa na virusi, hubadilika na kuwa na nusu ya kromosomu, huvua ngao zao na kuota mikia ya kuogelea. Kirusi hakiwezi kuzishika.

Mwaka 2012 meli ya utafiti Knorr iliondoka visiwa vya Azores kuelekea Iceland, ikipita katika bahari ileile ya Dayman na kupima mwani ulioambukizwa. Ilionekana kwamba maambukizi yanapoanza, seli hunata, hushikamana na kuzama, zikishuka na kaboni na chokaa yao. Kumbe virusi navyo vina mkono katika mvua ya kimya inayoshuka gizani, ile inayotengeneza tope jeupe.

Na tope hutunza kumbukumbu. Mwaka 2011 Marco Coolen alichapisha uchunguzi wa matabaka ya sakafu ya Bahari Nyeusi, ambako uhaba wa oksijeni huhifadhi vitu. Alikuta DNA ya Emiliania na DNA ya virusi vyake pamoja, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka 7,000. Aina zilezile za mwani na za virusi zilidumu pamoja kwa karne nyingi, muuaji na muuawa, pasipo mmoja kumfuta mwenzake.

Huxley aliiona maiti ya mwani akiwa na lenzi bora za wakati wake. Muuaji alikuwa mdogo mno kuonekana. Nikikumbuka neno kirusi linavyotamkwa majumbani mwetu, hukumbuka pia matabaka yale: miaka 7,000 ya vifo, na bahari iliyo hai juu yake.