Greysia Polii: miaka tisa na siku moja kutoka London mpaka Tokyo

Tarehe 1 Agosti 2012, katika mji wa London, wanawake wanane walifukuzwa katika Michezo ya Olimpiki. Hawakuwa wametumia dawa zilizokatazwa, wala hawakupigana. Walifukuzwa kwa sababu walitaka kushindwa. Mmoja wao alikuwa binti wa Indonesia, Greysia Polii, mwenye miaka 24. Tarehe 2 Agosti 2021, miaka tisa na siku moja baadaye, binti huyo alisimama Tokyo na medali ya dhahabu shingoni.

Wandugu wasikilizaji wa Kasugho, na ninyi familia mliokimbia vita na kupokelewa huku kwetu, badminton si mchezo wa vijana wetu. Hapa tunajua mpira wa miguu. Lakini tumechagua historia hii kwa sababu Greysia hakuwahi kuwa mchezaji wa peke yake. Alicheza wawili wawili, na katika mchezo wa namna hiyo kazi yako yote inategemea mtu anayesimama pembeni yako. Mtu huyo akiumia, akiondoka au akivunjika moyo, wewe mwenye afya unabaki huna kazi. Greysia alibaki hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara alianza upya na mtu mwingine.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Katikati ya kiwanja kunatandikwa wavu, ule tunaouita filé, ambao katikati yake unafika kimo cha mita 1.524. Kiwanja kina urefu wa mita 13.40, na kwa wachezaji wanne upana ni mita 6.10. Hakuna mpira. Kuna kinyoya, kile wanaosema Kifaransa wanakiita volan: manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo chepesi, yote pamoja gramu tano hivi. Unakipiga kwa raketi kivuke wavu, na kikianguka chini upande wa mwenzako, umepata pointi. Anayetangulia kufika 21 amechukua seti, na anayechukua seti mbili ameshinda. Kwa wepesi wake kinyoya hicho kinasumbuliwa hata na upepo mdogo, ndiyo maana mashindano makubwa hufanyika ndani ya nyumba. Kwenye vilima vyetu vya Lubero kingeishia katika shamba la jirani.

Wakicheza wawili wawili, kuna kazi ya kugawana. Wakishambulia, mmoja anakaa nyuma na kupiga kwa nguvu, mwingine anakaa mbele karibu na wavu na kumaliza kinachorudi. Wakishambuliwa, wanasimama sambamba, kila mmoja analinda upande wake. Kubadilisha nafasi kunafanyika mara nyingi ndani ya dakika moja, bila kusemezana. Usipomjua mwenzako vizuri mtagongana, au kinyoya kitaanguka katikati yenu, kila mmoja akidhani ni cha mwingine. Kujuana huko kunachukua miaka.

Indonesia inapenda mchezo huu namna sisi tunavyopenda mpira. Mwaka 1958 wanaume wake walichukua Kombe la Thomas, ambalo ni la dunia kwa ekipe za wanaume. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, Susi Susanti na Alan Budikusuma walipata medali za kwanza za dhahabu katika historia ya nchi yao, yeye kwa wanawake, Alan kwa wanaume. Baadaye walioana. Mlango mmoja tu ulibaki umefungwa, wa wanawake wawili wawili. Hapo China ilikuwa imekalia kiti: kuanzia 1996 hadi 2012, Olimpiki tano mfululizo, dhahabu ilikwenda kwao.

Greysia alizaliwa Jakarta tarehe 11 Agosti 1987. Jamaa yake ni watu wa Minahasa, kaskazini ya kisiwa cha Sulawesi. Alilelewa kimchezo katika klabu ya Jaya Raya ya Jakarta, na tangu ujana aliwekwa upande wa wawili wawili. Alianza na Jo Novita, akacheza pia na Vita Marissa na Nitya Krishinda Maheswari, kisha walimu wakampa Meiliana Jauhari. Na Meiliana ndiye aliyekwenda naye London.

Sasa jambo la London. Tunalieleza kwa utulivu, kwa sababu watu wengi walilisikia nusu nusu.

Mwaka huo utaratibu ulikuwa umebadilishwa. Zamani, ukishindwa mara moja umetoka. London waliweka makundi ya ekipe nne nne, mbili za kwanza zinaendelea, na kila mtu alijua mapema kwamba wa kwanza wa kundi hili atakutana na wa pili wa kundi lile. Ikatokea kwamba ekipe moja ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilipigwa na Wadenmark na kuwa ya pili katika kundi lake. Ekipe nyingine ya China, Yu Yang na Wang Xiaoli, waliokuwa wa kwanza duniani, wakaona kwamba wakishinda kundi lao wanaweza kukutana na dada zao kabla ya finali. Kwa hiyo usiku wa tarehe 31 Julai walipanga kushindwa. Lakini Wakorea waliokuwa mbele yao nao hawakutaka kushinda. Mkapata ekipe mbili zinazopiga kinyoya kwenye wavu makusudi. Watu waliolipa tiketi zao wakaanza kuzomea, na mwamuzi mkuu akaingia kiwanjani kuonya.

Baadaye usiku huo huo akaingia Greysia na Meiliana, nao wakicheza na Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung. Mshindi wa mchezo huo angepewa Yu na Wang katika robo finali. Hakuna aliyetaka zawadi hiyo, na ule mchezo wa kwanza ukarudiwa. Mwamuzi alitoa hata kadi nyeusi, kadi ya kufukuza, kisha akairudisha baada ya walimu kumsihi. Mwishoni Wakorea walishinda seti mbili kwa moja. Kesho yake shirikisho la dunia la badminton likafukuza ekipe zote nne. Indonesia ilikata rufaa, kisha ikaiondoa yenyewe.

Kwa maoni yetu, adhabu ilistahili. Mtu aliyelipa tiketi amekuja kuona mchezo. Lakini wazee wetu wakikata kesi ya shamba huuliza pia nani alichora mpaka vibaya. Waliopanga utaratibu ambao kushindwa kuna faida kuliko kushinda hawakufukuzwa. Walibadilisha tu kanuni: kwa Olimpiki iliyofuata, ekipe za pili katika makundi zilipigiwa kura, ili mtu asijue mapema atakutana na nani.

Kuna kipande kidogo cha Afrika katika kesi hiyo. Katika kundi la Greysia walikuwamo Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, ambao walikuwa wameshindwa michezo yao yote mitatu. Wenzao walipofukuzwa, wakaitwa kucheza robo finali ya Olimpiki. Warusi wakawapiga 21-9 na 21-7, na Warusi hao, ambao nao waliingia kwa njia hiyo hiyo, wakaenda mpaka medali ya shaba.

Greysia alirudi nyumbani na aibu. Alifikiri kuacha. Meiliana hakuwa tena mwenzake. Mwaka 2013 walimu walimrudisha kwa Nitya Maheswari, na wawili hao wakaanza kupanda. Mwaka 2014, huko Incheon katika Korea Kusini, walichukua dhahabu ya Michezo ya Asia kwa kuwapiga Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi. Wajapani hao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Olimpiki Rio mwaka 2016.

Rio Greysia na Nitya walifika robo finali. Na nani alikuwa upande wa pili wa wavu? Yu Yang, yule yule wa London, sasa na mwenzake mpya Tang Yuanting. Wachina walishinda seti mbili kwa sifuri. Kisha goti la Nitya likaharibika, akapelekwa kwa upasuaji. Kwa mara nyingine Greysia alikuwa mzima kabisa na hana mtu wa kucheza naye. Alikuwa na miaka 29, umri ambao katika badminton watu huanza kukuuliza utafanya kazi gani nyingine. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka kustaafu. Mwalimu wake, Eng Hian, alimwomba asubiri kidogo, asaidie kwanza kulea vijana.

Kijana aliyepewa alikuwa Apriyani Rahayu, aliyezaliwa mwaka 1998 katika wilaya ya Konawe, kusini-mashariki ya Sulawesi, mbali na Jakarta na starehe zake. Miaka kumi na zaidi iliwatenganisha. Mmoja alikuwa amechoka na amepigwa na dunia, mwingine alikuwa na nguvu na haraka. Mwaka 2017 walianza, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamechukua mashindano ya Thailand na ya Ufaransa. Mwaka 2018 na 2019 walipata shaba ya ubingwa wa dunia. Greysia, ambaye kazi yake ilikuwa kumlea huyu mtoto kisha aondoke, hakuondoka.

Kisha ikaja korona. Olimpiki ya 2020 ikasogezwa mwaka mzima, jambo zito kwa mtu mwenye miaka 33 anayehesabu miezi. Desemba 2020 Greysia aliolewa, na siku hizo hizo za arusi ugonjwa huo ukamchukua kaka yake. Wengi wenu mnajua maana ya kuzika na kuanza kazi ndani ya mwezi mmoja. Januari 2021 alikuwa Bangkok na Apriyani, na wakashinda mashindano ya huko.

Tokyo hawakuwa katika ekipe zilizopewa nafasi za juu. Katika kundi walipiga Wajapani Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, wa kwanza duniani. Katika robo finali walipiga Wachina Du Yue na Li Yinhui kwa seti tatu, mchezo uliowatoa jasho kuliko yote. Nusu finali, Wakorea Lee So-hee na Shin Seung-chan. Siku ya finali walikuwa na Chen Qingchen na Jia Yifan wa China.

Seti ya kwanza ilikuwa 21-19. Katika ya pili kuna tukio ambalo Waindonesia hawachoki kulirudia. Katikati ya kupigana, kinyoya kikiwa bado angani, nyuzi za raketi ya Greysia zilikatika. Kanuni haikuruhusu kusimamisha mchezo kwa sababu hiyo. Akakimbia pembeni, akachukua raketi nyingine, akarudi. Kwa sekunde hizo Apriyani alibaki peke yake katika kiwanja kizima mbele ya Wachina wawili, akarudisha kila kinachokuja mpaka mkubwa wake akafika, na pointi ikawa yao. Seti iliisha 21-15.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia katika wanawake wawili wawili, na kwa hiyo nchi hiyo ikawa imeshinda Olimpiki katika aina zote tano za badminton. Mpaka siku hiyo ni China tu iliyokuwa imefanya hivyo. Katika wale wanawake wanane waliofukuzwa London, Jung Kyung-eun wa Korea alipata shaba Rio, lakini Greysia peke yake ndiye aliyerudi na kupata dhahabu. Zilibaki siku tisa afikishe miaka 34.

Nyumbani zawadi zilikuwa nyingi, pesa za serikali na mengine. Iliyotupendeza sisi ni ile ya wakubwa wa Konawe, waliomwahidi Apriyani nyumba na ng'ombe watano. Huku kwetu Bunande wangetaja mbuzi, lakini maana inaeleweka.

Greysia aliaga rasmi tarehe 12 Juni 2022, katika jumba la Istora Senayan la Jakarta, mbele ya watu wake. Apriyani alikuwa tayari amepewa mwenzake mpya, Siti Fadia Silva Ramadhanti, aliyezaliwa mwaka 2000. Mwezi uliofuata wawili hao walishinda mashindano ya Malaysia, na mara hii mkubwa kiwanjani alikuwa Apriyani.