Wachoraji wa Monhegan na Kisiwa Kilichojivika Msitu

Monhegan ni kisiwa kidogo cha Atlantiki, maili 10 hivi kutoka pwani ya Maine, Marekani. Urefu wake haufiki maili 2. Kwa udogo huo, wachoraji iliowavuta ni wengi ajabu. Robert Henri alifika mwaka 1903, akakisifu mbele ya wanafunzi wake. Mmoja wao, Rockwell Kent, alikwenda mwaka 1905, akajenga nyumba kwa mikono yake na kuvua kambakoche pamoja na wenyeji. George Bellows alifuata mwaka 1911, Edward Hopper mwaka 1916.

Kisiwa walichokikuta kilikuwa na uwanda mwingi mtupu. Miti ilikuwa imekatwa kwa kuni na majengo, na kondoo walikuwa wameyala machipukizi miaka na miaka. Jicho lilipita juu ya majani mafupi mpaka magengeni, likakutana na wimbi. Ukali wa miamba tuusifuo katika picha zao, basi, kwa sehemu ni kazi ya kondoo, ingawa hakuna mchoraji aliyewashukuru!

Ufugaji ulipofifia, misonobari ilirudi na kuyafunika malisho. Mwaka 1954 Theodore Edison, mwana wa mvumbuzi Thomas Edison, alianzisha na wenzake chama cha Monhegan Associates, ili ardhi iliyo nje ya kijiji isijengwe. Mgeni apitaye humo leo hudhani msitu ule ni wa tangu na tangu, kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa malisho. Wachoraji wa baadaye wengine waliingia mituni. Wengi waliendelea kuandama magenge, mahali ambapo kisiwa cha Kent hakijafichika.

Sasa misonobari ile inazeeka, na kimelea kinainyonya. Kulungu walioletwa na watu waliila miche mpaka walipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Watunzaji hawana budi kuamua: mti ukianguka, papandwe mwingine, au paachwe wazi? Picha za kale zimekuwa mashahidi katika shauri hilo. Lakini shahidi huyu yataka ahojiwe, kama mwanahistoria ahojivyo msimulizi wa hadithi, kwani mchoraji ana ruhusa ya kuung'oa kwa brashi mti uliomzibia bahari. Kwa rai yangu, zitumainiwe zaidi pale ambapo wachoraji kadhaa, kila mmoja kwa mkono wake, wameonyesha kilima kile kile kikiwa kitupu.