Kwa nini madumu ya mawese huvuja yakipandishwa Bugarama

Bujumbura iko takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari, lakini barabara ya RN1 iendayo Kayanza na Rwanda hupita mita 2,000 pale Bugarama. Mgandamizo wa hewa hushuka kutoka milibari 920 hivi hadi chini ya 800. Hewa iliyofungiwa ndani ya dumu hutanuka na kutafuta njia kifunikoni. Likisimama wima hutoka hewa tu. Likilazwa hutoka mafuta, na lililojaa nusu ndilo hupoteza mengi. (Sigara za kielektroniki huvuja vivyo hivyo.) Legeza vifuniko Bugarama, kisha kaza. Ukishuka Kigali dumu likabonyea, usilitupe: lifungue, litajirudi.