Samaki Katika Shimo la Mawe

Msomaji ukaaye Mtopanga, katika bara ya Mombasa upande wa Kisauni, hapana shaka umekwisha sikia habari za mashimo ya Bamburi, ambayo hayako mbali na kwenu. Leo pana miti mirefu, viboko na mabwawa ya samaki, na wanafunzi huenda huko kutazama na kujifunza. Lakini zamani mahali hapo palikuwa jangwa la mawe meupe. Habari ya mageuzi hayo yafaa kusimuliwa, kwa kuwa ina fundisho kwa kila mtu atakaye kufuga samaki katika bwawa lake.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hufanywa kwa mawe ya chokaa, na mawe hayo yalichimbwa katika miamba ya matumbawe iliyojengwa na viumbe wadogo wa bahari zamani sana. Mwaka hata mwaka mashimo yalipanuka, yakashuka hadi karibu na maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo yana chumvi kidogo, maana bahari i karibu. Udongo haukuwako, wala kivuli.

Mwaka 1971 kazi ya kulifufua jangwa hilo iliongozwa na Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wenye asili ya Somalia. Majani ya mvinje yalianguka yasioze, basi wakaletwa jongoo. Jongoo waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya.

Pamoja na miti, palichimbwa mabwawa. Je, watiwe samaki gani? Wachina wamefuga samaki aitwaye karpu kwa zaidi ya miaka 2,000, na watawa wa Ulaya walimfuga karibu na nyumba zao. Bamburi walichagua perege, samaki wa Afrika. Perege hupenda maji ya joto, hula majani na uvuge wa majini, na aina zake kadha wa kadha huvumilia chumvi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya mfugaji: kwanza yajue maji yako, kisha ndipo utafute samaki.

Walakini kutia samaki majini si kazi ngumu. Kazi ni kuwatunza. Perege huanza kuzaa angali mdogo, na jike hubeba mayai kinywani mwake hata vifaranga watoke, kwa hiyo wengi husalimika. Wakiachwa hivi hivi, bwawa hufurika samaki wadogo wanaogombea chakula kimoja, na hakuna hata mmoja anenepaye. Mwenye bwawa hujiona tajiri wa samaki, kumbe hana kitoweo. Dawa yake ni kuwavua kwa kipimo, kuwatenga madume na majike, au kumtia kambare awapunguze wadogo. Tena maji yasiyotembea huchafuka, na hewa ndani yake hupungua. Yapasa kuyabadili, na yale yatokayo, kwa kuwa yana mbolea, hufaa kunyweshea mimea.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Bwawa ni mali ya mwenyewe, lakini maji hayajui mpaka wa shamba. Tazama yaliyotokea katika Ziwa Naivasha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi walianza kumvua karpu, samaki ambaye hawakumjua ziwani humo. Yasadikiwa kwamba alitoroka katika mabwawa ya wafugaji, akachukuliwa na mto uliofurika. Haikupita miaka kumi, karpu akawa sehemu kubwa ya samaki wote waliovuliwa. Wavuvi walipata cha kuuza. Lakini karpu hufukua tope atafutapo chakula, akayavuruga maji na kuing'oa mimea. Kosa la bwawa moja dogo laweza kuligeuza ziwa zima, wala hakuna awezaye kumrudisha samaki alikotoka.

Basi tukumbuke mambo haya mawili pamoja. Bamburi yatuonyesha kwamba hata shimo la mawe laweza kuzaa chakula, ikiwa mtu atafanya kazi kwa subira na kuchunguza kila kiumbe kina kazi gani. Naivasha yatuonya kwamba uhai ukishafunguliwa mlango, hauitiki tena tunapouita. Wewe nawe, ukijaliwa siku moja kuchimba bwawa nyuma ya nyumba yako, usianze na samaki; anza na maji, na uulize yatakwenda wapi mvua kubwa ikinyesha.