Duka la Wafumaji wa Rochdale



Watu wengi hudhani ya kuwa mfanya biashara hutenda wema baada ya kufunga duka lake: kwanza huchuma faida, kisha hutoa sadaka. Sadaka ni jambo jema, wala hapana wa kuilaumu. Lakini iko habari moja ya Uingereza ituonyeshayo kwamba wema waweza kukaa ndani ya duka lenyewe, katika mizani, katika unga, na katika daftari.

Rochdale ni mji ulio karibu na Manchester. Miaka ya 1840 wengi wa watu wake walikuwa wafumaji wa nguo za sufu, na ujira wao ulikuwa haba. Walidai nyongeza, wasifaulu. Tena hata ile pesa kidogo waliyoipata haikuwafaa sana, kwani baadhi ya wenye maduka walipunja vipimo na kuchanganya vyakula na takataka. Na mtu aliyekwisha kukopa hakuweza kulalamika wala kwenda kununua kwingine. Deni lilimfunga kama kamba.

Basi watu 28 wakashauriana. Wakawa wakichanga peni mbili kwa juma, baadaye tatu, hata wakapata pauni 28. Wakapanga chumba katika njia iitwayo Toad Lane, na usiku wa tarehe 21 Desemba, 1844, wakafungua duka. Bidhaa zilikuwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti, na mishumaa michache. Watu wa mtaani wakawacheka.

Fedha yao ilikuwa ndogo, lakini sheria zao zilikuwa kubwa. Bidhaa ziwe safi na vipimo viwe kamili. Mauzo yawe ya fedha taslimu, pasiwe na mkopo. Kila mwanachama awe na kura moja, mwanamume kwa mwanamke, awe na hisa nyingi au chache. Mtaji upate riba ya kiasi, na faida inayosalia warudishiwe wanunuzi, kila mmoja kwa kadiri ya alivyonunua. Baadaye wakatenga sehemu ya faida kwa ajili ya elimu, wakapata maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74. Mwaka 1850 walipata 600.

Hata hivyo njia haikuwa laini. Mwaka 1850 walianzisha chama cha kusaga nafaka. Wanunuzi walikuwa wamezoea unga uliotiwa shabu ili upate weupe. Walipoona unga safi wenye rangi yake ya asili, wakaudharau. Kinu kikaingia katika hasara, na wengine wakataka kukiacha. Lakini wenye kusimamia hawakukubali kuuza weupe wa uongo. Wakastahimili, na hasara ikageuka kuwa faida.

Jaribu la pili liliwashinda. Mwaka 1854 walianzisha kiwanda cha nguo, wakaagana kwamba faida igawanywe baina ya wenye hisa na wafanya kazi. Kiwanda kikastawi, na kwa kuwa kilistawi, wakaja wenye hisa wapya ambao hawakufanya kazi humo, wala hawakutaka ila faida. Mwaka 1862 kura zikapigwa, na fungu la wafanya kazi likaondolewa. Hapakuwa na wizi. Sheria yenyewe ilifuatwa.

Tuzitazame biashara hizi mbili, maana zilitoka katika mji mmoja na nia moja. Katika duka, wenye kupiga kura ndio walioula ule unga. Mtu hawezi kupenda kujipunja mwenyewe. Katika kiwanda, wengi wa waliopiga kura hawakuwa wale waliovuja jasho. Nia njema ya waanzilishi yaweza kufa nao, au hata kabla yao, ikiwa uwezo wa kuamua hautawekwa mikononi mwa wale ambao biashara iliundwa kuwasaidia.

Habari za Toad Lane zilienea duniani, na mwaka 1937 Muungano wa Vyama vya Ushirika wa mataifa ulitangaza kanuni zilizotokana na zile za Rochdale. Afrika Mashariki nayo iliingia katika njia hiyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walifanya chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ikatolewa mwaka 1932, na mwaka 1933 ukaanzishwa huko Moshi muungano wa KNCU. Wafumaji walishirikiana katika kununua, wakulima katika kuuza. Lakini jambo lililowapasa kulilinda lilikuwa moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa habari ya Rochdale twaweza kuongeza kwamba wema nao wataka daftari: uandikwe katika sheria, upimwe katika mizani, na walindao ufunguo wawe ndio wenye haja nao.