Mpangilio wa sauti katika enkoda ya televisheni
Enkoda ni mtambo unaobana picha na sauti kabla ya kurushwa hewani. Rwanda ilizima matangazo ya analojia mwaka 2014, na tangu hapo chaneli za Kigali hutegemea mitambo ya aina hii. Fundi huchagua mfumo wa kubania sauti, kwa mfano AAC, sampuli za 48 kHz na kasi ya data. Kwa stirio ya AAC, kilobiti 128 kwa sekunde hutosha. Linalopuuzwa mno, na lisilostahili kupuuzwa, ni kiwango cha sauti: mwongozo wa Ulaya wa R 128, uliotolewa 2010, unakiweka kwenye LUFS −23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Usipofuatwa, tangazo la biashara humfokea mtazamaji aliyekuwa akisikiliza habari. Kila mkondo wa sauti hupewa pia msimbo wa lugha: kin ni Kinyarwanda, swa ni Kiswahili.