Wapike Wao, Wale Wengine (1)

Msomaji wangu, umewahi kwenda mpirani ukapitia uani kwa watu?

Sikutanii. Pale Luton, mji ulio kaskazini ya London, kuna uwanja unaitwa Kenilworth Road. Shabiki mgeni akifika upande wa mtaa wa Oak Road anakuta nyumba za kawaida kabisa, zimebanana ukuta kwa ukuta. Katikati ya milango ya watu kuna upenyo. Anaingia humo, anapita chini ya vyumba vya watu, anaibukia nyuma kwenye ngazi za chuma. Akichungulia chini, hizo hapo nguo za mwenye nyumba zimeanikwa kambani.

Anapanda ngazi chache zaidi, ndipo anauona uwanja.

Sasa kaa vizuri. Hiyo timu ya uani, Luton Town, ipo tangu 1885. Wanaitwa Hatters, watu wa kofia, maana mji wao uliishi kwa kushona kofia. Na saini yao imo kwenye karatasi iliyozaa ile ligi unayoilipia kiingilio kibanda umiza kila Jumamosi.

Mbona basi miaka mingi hukuwaona? Polepole, tutafika.

Kwanza usije ukadhani ni timu ya mchangani. Aprili 1988 walikuwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, mbele yao Arsenal. Zimebaki kama dakika kumi, Luton wako nyuma 2-1, na Arsenal wanapewa penalti.

Wewe hapo ungebaki? Mimi ningeshaanza kutafuta daladala.

Nigel Winterburn akapiga, kipa Andy Dibble akaitoa. Danny Wilson akasawazisha. Dakika ya mwisho Brian Stein akamaliza kazi, 3-2! Watu waliotoka kwenye shimo kama lile, nani angewatishia na siku ya mwisho ya msimu?

Shika hapo, tunahama. Julai 1991. Klabu za daraja la juu zinatia saini ya kujitenga na kuanzisha ligi yao. Kisa? Hela za televisheni, kingine nini! Mkataba wa ITV wa 1988 ulikuwa pauni milioni 44 kwa miaka minne, na timu za madaraja ya chini nazo zilikuwa na mgawo wao. Wakubwa wakachoka kula sahani moja na watoto. Kila mtu na chungu chake.

Luton wakasaini. Kumbe ligi yenyewe ingeanza Agosti 1992, na kabla yake kulikuwa na msimu mmoja wa kumalizia. Sharti lilikuwa dogo: usishuke daraja.

Dogo, eti.

Mwaka 1990 Luton walinusurika siku ya mwisho, wakicheza na Derby County. Mwaka 1991 wakanusurika tena siku ya mwisho. Na nani? Derby hao hao. Halafu mwaka huo huo wakang'oa zulia lao la nyasi bandia, lile walilolitandika 1985, ambalo wageni walilichukia kama kuku anavyochukia sakafu ya vigae. Ukitaka maoni yangu, siku ile waling'oa na hirizi.

Twende Mei 2, 1992. Uwanja wa Meadow Lane, Nottingham. Luton wana pointi 42, Coventry City walio juu yao wana 44. Coventry wako ugenini kwa Aston Villa. Luton washinde, Coventry wafungwe, basi, wamepona. Sare haisaidii kitu.

Wenyeji wao ni Notts County, wazee wa 1862, ambao tayari walikuwa wameshashuka. Unacheza na marehemu, ukishinda unaingia kwenye hela. Nani asingeitamani mechi kama hiyo?

Ila kuna jambo nilikuficha, nisamehe. Msimu mzima Luton hawakuwa wameshinda mechi hata moja ugenini. Hata moja!

Filimbi ikalia. Na unajua nini? Luton wakatangulia. Julian James, 1-0.

Na huko Villa Park? Mambo ya Coventry yalikwenda mrama. Nakudokezea kabisa: mechi ile walilala 2-0. Yaani Coventry, bila kupenda, waliwafanyia Luton nusu ya kazi.

Piga hesabu. Ushindi ni pointi 45. Coventry wamekwama na 44. Luton wako ndani ya ligi waliyoisaini kwa mkono wao wenyewe, na kazi iliyobaki ni kulinda bao moja tu.

Bao moja, mbele ya timu ambayo haina tena cha kuogopa. Aliyekwisha kulowa haogopi mvua, au siyo?

Basi kulikuwa na kijana wa miaka 21 upande wa Notts County, jezi ya mistari myeusi na myeupe, anaitwa Rob Matthews. Lishike hilo jina. Mpira unamfikia, goli liko mbele yake...

ITAENDELEA

Jumamosi ijayo: dau la pauni milioni 304 linapigiwa kura kwenye hoteli moja London, siku 16 tu baada ya mchana huu. Na Luton na Coventry, hao hao, wanakutana Wembley kwa mikwaju ya penalti. Mwaka gani? Sikwambii.